Jioni za mwisho wa joto

Mwezi wa nane huku Muscat bomba la maji baridi hutoa maji ya moto, kwani tangi liko juu ya paa. Basi sisi tunazima hita, na maji yaliyokaa humo ndani ndiyo yanayopoa, ndiyo tunayotilia udhu. Ajabu ya Mungu!

Baada ya Maghribi tunatandika mkeka: rutabu za mwisho wa msimu na kahawa chungu. Bibi, mzaliwa wa Unguja, hutega vitendawili. Wajukuu wengine hujibu kwa Kiarabu, hataki. Kiswahili, ama hupati tende.

Mwezi wa tisa kijana wangu mkubwa anakwenda kusoma mbali. Jana alitegua vitatu mfululizo, Bibi akamsogezea sahani nzima.