Dawa Niliyoificha Ndani ya Sombe



Katika majumba yetu ya huku kwenye zahabu tunazoea kuzungumuza juu ya malaria, juu ya feza, juu ya wanaume wanaokawia kwenye mashimo. Leo ninaomba nafasi niandike juu ya ugonjwa ambao kwetu tuliusema kwa sauti ya chini, mulango ukiwa umefungwa. Ni ugonjwa wa akili. Mudogo wangu ndiye mwenye ugonjwa, na ndiye aliyenipa ruhusa. Aliniambia: “Andika, Yaya. Jina langu usiweke. Lakini makosa yako uweke yote.”

Basi ninaanza.

Mudogo wangu alianza kuchimba zahabu upande wa Manguredjipa alipokuwa na miaka 19. Mimi niko mwalimu wa masomo ya musingi Beni, na mama yetu anakaa Butembo. Kati ya miji hii miwili ni kilometa zaidi kidogo ya 50, lakini kuna miezi ambapo njia hiyo inakuwa ndefu kuliko safari ya Kisangani, kwa sababu ya vita. Mwezi wa 2 mwaka 2018, alifika kwa mama bila muzigo, bila viatu. Hakulala. Usiku alisema kwamba watu waliofunikwa na shimo wanamwita kwa jina. Muchana alisema kwamba PDG wa shimo ametuma watu wamutilie sumu. Akaacha kula chakula cha watu.

Majirani walisema: “Wamemuloga kwa sababu ya zahabu.” Wengine walisema: “Ni bangi tu.” Bangi alivuta kweli, na kasiksi alikunywa. Muganga alitueleza nyuma kwamba bangi inaweza kuamusha ugonjwa huu kwa mutu ambaye ana uzaifu wake, na kuuongeza kwa yule aliye nao tayari. Lakini wakati ule hatukutafuta muganga. Tulimupeleka kwenye chumba kimoja cha maombi. Walimufunga kamba kwenye nguzo siku 17. Alama ziko kwenye mikono yake mupaka leo. Sisemi hivi kwa kuzarau sala. Mimi ninasali asubui na magaribi. Ninasema tu kwamba mutu alilia siku 17, na sisi jamaa yake tulikuwa tunaleta matoleo.

Padri wa parokia ndiye aliyetuonya. Alitusomea Yoshua bin Sira, sura ya 38, panaposemwa juu ya muganga na juu ya dawa zinazotoka katika udongo kwa mapenzi ya Mungu. Akatuambia: “Mungu anayesikia sala zenu ndiye pia aliyetoa dawa. Mupeleke kijana.”

Tulimupeleka. Walimupa dawa mbili. Moja inaitwa haloperidoli. Ya pili inaitwa triheksifenidili, wengi wanaijua kwa jina la Artane. Nyuma ya majuma matatu hivi alianza kulala. Siku moja alimwambia mama: “Zile sauti zimeenda mbali, sasa ziko kama redio ya jirani.” Kisha mwezi mwingine, redio ikazimika.

Hapo ndipo kosa letu la kwanza lilipoingia.

Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, serkali ilitangaza Ebola kule Mangina, karibu na Beni. Wasomaji wa huku hawahitaji kuelezwa siku zile zilikuwaje. Ugonjwa ule ulikwisha tu mwezi wa 6 mwaka 2020, na watu 2,287 walikuwa wamekufa. Watu walikimbia hospitali. Na sisi tukasema: “Kijana amepona. Analima, anacheka, anaenda Misa. Kwa nini tuendelee kununua dawa? Na kuingia hospitali sasa, si ni kutafuta kifo?” Tena masomo yalikuwa yanaanza na minerval ilikuwa inadaiwa. Mimi ndiye niliyesema neno la mwisho: tuache.

Juma la kwanza, hakuna kitu. Mwezi wa kwanza, hakuna kitu. Ndiyo maana mutu anadanganyika. Dawa hizi mutu akiziacha, ugonjwa haurudi kesho yake. Unaweza kungoja miezi, kisha unarudi wakati kila mutu amekwisha kusahau dawa. Kwetu ulirudi mwezi wa 12, na ulirudi na nguvu kupita mara ya kwanza.

Nilimuchukua nikamuleta kwangu Beni. Mama alikuwa amechoka. Lakini sasa yeye mwenyewe alikataa dawa. Alisema: “Ile dawa inanifunga mwili kama kamba ya wale watu.” Mimi sikumuuliza inamufunga wapi, wala namna gani. Nilizani ni maneno ya ugonjwa. Na chakula cha kila mutu alikuwa anakikataa, isipokuwa changu. Alisema: “Chakula chako, Yaya, hicho mi niko nacho imani.”

Mukumbuke neno hilo.

Nilienda kwenye farmasi moja, bila ordonansi. Nikanunua haloperidoli tu. Ile ya pili niliiacha, feza haikutosha, na nilifikiri ni kama vitamini, ya kuongeza nguvu tu. Nikasaga mbegu za dawa kwa chupa, nikazitia ndani ya sombe yake. Asubui na jioni. Sikupima vizuri, kwa kuwa nilitaka apone haraka.

Siku ya tatu, jioni, shingo yake ilipinda upande mumoja, ikakaza. Macho yakapanda juu. Ulimi ukatoka inje, hakuweza kusema. Alikuwa anajua kila kitu, machozi yalikuwa yanatoka. Watoto wangu walikimbia wakipiga kelele. Jirani mumoja alisema ni pepo, mwingine alisema ni Ebola. Mume wangu aliita moto, tukamuweka katikati, tukaenda kituo cha afya. Kwenye mulango tulinawa mikono, tukapimwa joto, kama ilivyokuwa siku zile. Muganga wa zamu alimutazama kidogo tu, kisha akauliza: “Anakunywa dawa gani?”

Nilinyamaza. Akauliza tena. Ilinipasa kujibu, mudogo wangu akiwa amelala pale, anasikia. Nikasema jina la dawa, na nikasema niliiweka wapi.

Walimupiga shindano. Haikupita saa moja shingo ikalegea, macho yakarudi. Neno la kwanza alilosema alinitazama akasema: “Kumbe ni weye.”

Wapenzi wasomaji, ugonjwa wake ulikuwa unamwambia uongo kwamba kuna mutu anamutilia kitu ndani ya chakula. Mimi nikaugeuza ule uongo kuwa kweli. Miezi 5 hakugusa chakula changu. Alikula mikate na ndizi alizonunua mwenyewe barabarani, siku ingine akalala sokoni. Hata pale kichwa chake kilipoanza kutulia, jambo hilo moja halikutulia, kwa maana halikuwa ugonjwa.

Yule muganga hakunigombeza. Alinikalisha akaniambia: “Mama mwalimu, ninajua hukutaka kumuua. Lakini dawa hii ina kazi mbili, moja tunaitaka, ingine hatuitaki.” Alinieleza kwamba ndani ya ubongo kuna kitu kinachopeleka habari kutoka pahali mupaka pahali, kinaitwa dopamini. Haloperidoli inapunguza kazi yake, ndivyo sauti na mashaka ya uongo vinavyotulia. Lakini kitu hicho hicho kinasaidia mwili kutembea vizuri na misuli kulegea. Dawa ikizidi, ao kwa watu wengine hata bila kuzidi, mwili unakaza, mikono inatetemeka, miguu inakataa kutulia. Wanaume vijana wanapatwa zaidi na lile la shingo kupinda. Ile dawa ya pili niliyoiacha dukani ndiyo inayotuliza mambo hayo. Si kila mugonjwa anaihitaji, lakini ni muganga anayeamua, si mufuko wa mutu.

Basi mudogo wangu alipotuambia kwamba dawa inamufunga kama kamba, alikuwa anasema kweli. Hakuna aliyemusikiliza.

Tangu siku ile nimesoma juu ya dawa hizi, kama mwalimu anavyosoma. Mbele ya mwaka 1952, hata kule Ulaya hapakuwa na dawa ya ugonjwa huu. Wagonjwa wengi walifungiwa tu miaka na miaka. Mwaka huo, Paris, kwenye hospitali ya Sainte-Anne, waganga Jean Delay na Pierre Deniker walianza kutumia klorpromazini. Haloperidoli yenyewe ilipatikana mwaka 1958 Ubelgiji, kwa Paul Janssen na watu wake. OMS ilipotoa liste yake ya kwanza ya dawa za lazima, mwaka 1977, dawa hizo mbili zilikuwemo. Ni dawa za zamani, zinazojulikana. Hazifukuzi roho ya mutu, na si za kumufanya mutu kuwa mujinga. Lakini zinataka kipimo, na zinataka mutu anayefuata mugonjwa mwezi kwa mwezi.

Muganga alimupunguzia kipimo na kumurudishia dawa ya pili. Nyuma akamueleza kwamba kuna dawa za namna hiyo zinazopigwa kwa shindano, zinakaa mwilini majuma 4 hivi. Akamuuliza yeye, si mimi: “Weye unataka gani?” Mudogo wangu akajibu: “Shindano. Ile ninaiona. Hakuna mutu ataificha.”

Alinunua kaye moja ndogo. Ndani yake anaandika tarehe ya shindano, namna alivyolala, na mambo ya mwili. Mwezi mumoja dawa ilikosekana pale tunapoichukua, tukaitafuta Beni mupaka Butembo siku 6. Tangu hapo tunaenda kuuliza juma moja mbele ya tarehe.

Mwaka 2022 alitaka kurudi kwenye zahabu. Mama alilia. Mimi pia sikutaka. Lakini ni mutu muzima, na feza ya kuishi anaitafuta wapi? Tuliagana hivi: bangi hapana, rafiki mumoja wa shimo ajue ugonjwa na ajue dalili zake za kwanza, maana yeye anaanza kwa kukosa usingizi siku tatu, na kila majuma 4 ashuke Butembo. Alishika agano. Mwaka 2024, vita vilipofika kwa Bapere na watu wakauawa katika vijiji vya upande wa Manguredjipa, alikimbia pamoja na wengine. Alifika kwa mama na kaye yake ndani ya mufuko wa nailo. Nguo aliacha.

Kwa jamaa zenye mugonjwa kama huyu, ninawaachia maneno haya machache.

Kwanza, musikomeshe dawa kwa sababu mugonjwa amepona. OMS inaomba mutu aendelee angalau miezi 12 nyuma ya dalili zote kwisha, na wengine wanahitaji zaidi. Kama ni kuacha, muganga anapunguza pole pole. Na dawa ya kifafa, kama fenobarbitali, kuiacha gafula ni hatari zaidi.

Pili, mugonjwa akisema dawa inamuumiza, mumuulize wapi. Kipimo kinaweza kubadilishwa.

Tatu, musinunue bila ordonansi, wala musigawe dawa ya mumoja kwa mwingine. Mwanamuke mwenye mimba ao anayetaka kuzaa amwambie muganga, kwa maana dawa zingine zinaumiza mutoto tumboni.

Ine, kamba haiponyeshi. Butembo kuna CEPIMA. Goma kuna Tulizo Letu, na Bukavu kuna SOSAME, kazi za Mafrère wa Charité. Mbali na hapo, muanze kwenye kituo cha afya cha karibu na mukaulize.

Tano, musifiche dawa ndani ya chakula. Hata kama mapendo ndiyo yanayowasukuma.

Mudogo wangu anakula tena kwangu. Siku ya yenga iliyopita nilipika sombe na samaki. Aliweka sahani mbele yake, akaningoja. Bado anataka nionje kwanza, hata sasa, nyuma ya miaka hii yote. Sikasiriki. Ninachukua kijiko, ninaonja, kisha tunabariki chakula na tunakula.

Mungu awabariki pamoja na wagonjwa wenu.