Tulichojifunza Kwenye Ngoro za Mbinga

Mwezi Machi tulisafiri wanne kutoka Songea hadi Mbinga kumtembelea mwenzetu tuliyesoma naye. Mvua ilikuwa nyingi, na ukungu ulifunika mibuni na milima yote ya Umatengo.

Tulimkuta shambani na mumewe, wanalima ngoro. Kwa wasiozijua, ngoro ni mashimo ya miraba yanayochimbwa kwenye miteremko mikali ili maji ya mvua yatuame humo, yasichukue udongo. Kwa desturi ni kazi ya wawili. Baba hufyeka majani na kuyapanga kwa miraba. Mama huchimba katikati, huyafunika kwa udongo, kisha hupanda maharage juu ya matuta. Majani yakioza huwa mbolea.

"Miaka saba nilifyeka na kuchimba peke yangu," mwenzetu alituambia jioni, mumewe akiwa amekaa pale pale akisikiliza.

Baba huyo alikuwa mtu wa kilabuni. Alikunywa viroba, Serikali ilipovipiga marufuku mwaka 2017, akahamia kwenye gongo. Fedha za kahawa ziliisha kabla ya ada ya watoto kulipwa. Mama alificha majembe yasiuzwe. Wageni walipobisha hodi, aliwaambia mumewe anaumwa. "Nilidhani namsitiri baba watoto," alisema. "Kumbe nilikuwa naisitiri pombe."

Siku moja mumewe aliacha ghafla. Siku ya pili alitetemeka, akatokwa jasho, akaona watu wasiokuwapo. Majirani wakasema ni mapepo. Mama alimkimbiza hospitali. Daktari akaeleza kwamba aliyekunywa sana kwa miaka mingi, akiacha kwa mara moja, anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, hata kufa. Aachishwe chini ya uangalizi wa waganga. Akina mama, neno hilo tulishike.

Alirudi nyumbani mzima, lakini malipo ya kahawa yalipotoka, akaanguka tena. Safari hii mama hakuficha. Alimwita shemeji yake na mzee wa kanisa, wakakaa, wakasema wazi. Tangu hapo malipo huyafuata wawili, njia ya kilabuni baba haipiti, na kila juma wanaume walioacha pombe hukutana barazani kwake. Sasa ni mwaka wa nne.

Kesho yake tulishuka nao hadi Mbamba Bay. Barabara hiyo ya kilometa 66 siku hizi ni ya lami, nayo huzunguka milima mpaka ghafla Ziwa Nyasa likafunguka mbele yetu, Malawi ikiwa ng'ambo. Ufukweni wanawake walikuwa wameanika dagaa. Baba alitoa fedha mfukoni, akamkabidhi mkewe: "Chukua, mama watoto, nunua za nyumbani." Mwenzetu aligeuka pembeni akafuta macho kwa ncha ya khanga. Tukajifanya tunatazama mitumbwi.

Tulimwuliza baba kama amekwisha kupona. Akacheka kidogo. "Leo sijanywa, dada zangu. Kesho nitafyeka tena."

Mama mwenzetu, kama pombe imeingia nyumbani kwako, omba, lakini usinyamaze. Mwite ndugu, mwone daktari. Mungu hutuponya kwa mikono yao pia. Shamba la mteremkoni halilimwi na mtu mmoja.