Barua kwa mpwa: gamba la sikioni lisilopona

Saratani ya ngozi ya kichwa na shingo huanzia pasipofunikwa na nguo: utosini, kwenye ncha ya sikio, mdomo wa chini, shavuni, kisogoni. Aina zake kuu ni tatu. Mbili huota katika seli za tabaka la juu la ngozi. Ya tatu, melanoma, huota katika seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Ni adimu, lakini ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani huwahi kufika kwenye tezi za shingo, kisha mapafu, ini na ubongo.

Kwa mtu mweusi melanoma hupenda zaidi unyayo, kiganja na chini ya ukucha. Iliyomuua mwanamuziki Bob Marley mwaka 1981, akiwa na miaka 36, ilianzia kwenye kidole cha mguu. Kichwani na shingoni, wanaoumia zaidi ni watu wenye ualbino, na kwao iliyozoeleka si melanoma bali saratani ya seli bapa, mojawapo ya zile mbili za tabaka la juu. Melanoma ikiwapata, huweza kuja bila weusi wowote, kama kipele cha rangi ya waridi.

Butembo, huku mashariki mwa Kongo, inadanganya. Mji uko karibu kabisa na ikweta, juu milimani. Asubuhi ukungu, mchana upepo wa baridi, na mtoto mwenye ualbino hurudi kutoka shamba la maharage bila kulalamikia joto. Kinachoharibu seli si joto, ni miale ya urujuanimno, nayo huzidi kadiri mtu anavyopanda mlima, na mawingu hayaizuii yote. Mji jirani wa Beni uko chini zaidi, jua lake huchoma, na watu hulikimbia. Hofu hiyo ndiyo inayokosekana Butembo.

Kepi hufunika paji la uso tu, masikio na kisogo vikabaki wazi. Inayofaa ni kofia ya ukingo mpana, pamoja na mikono mirefu. Vazelini hulainisha ngozi, haizuii jua. Mafuta ya kuzuia jua ni kitu kingine, na huko Moshi, Tanzania, hutengenezwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Ugonjwa huanza kwa unyenyekevu: gamba kavu kwenye ncha ya sikio, likibanduka latoa tone la damu, siku chache baadaye limerudi. Kidonda kisichofunga kwa wiki nne, au doa linalobadilika umbo, rangi au ukubwa, ni la daktari, si la kuchomwa wala kupakwa majani. Kipande kilichokatwa kisitupwe; kiwekwe kwenye kichupa cha formalini chenye jina la mgonjwa, kipelekwe maabara. Melanoma isiyofika kina cha milimita 1 kwa kawaida hupona kwa kukatwa tu. Saratani ya seli bapa ikishaingia tezi, mara nyingi mionzi huhitajika, na safari ya kuifuata hupitia mpaka wa Kasindi hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda, Kampala.

Mjomba wako,
Butembo