Ulipima meza?

Mashine tuliinunua watatu: mimi, mwenzangu wa chumba, na dada mmoja wa darasa letu tuliyempachika jina la Mhasibu, maana kati yetu ni yeye peke yake ambaye bumu lake lilikuwa linafika mwisho wa semista. Ni milingi ndogo ya Kichina, ile ambayo watu wanaochonga vyuma nyumbani kwao huko ng'ambo wanaiita X2. Aliyetuuzia alikuwa fundi anayefunga karakana yake. Ilikuja na vikata vitatu butu na waya wa umeme uliofungwa selotepu. Jiliwa hakuna.

Kwa ndugu zangu wa sheria na biashara: milingi inakula chuma kwa kikata kinachozunguka, huku kazi ikiwa imefungwa juu ya meza inayosogezwa. Kinachoishika hiyo kazi ndicho jiliwa. Mtaani wanaita vaisi. Ina taya mbili, moja imekufa pale pale, nyingine inatembea. Bila hiyo unaweza kuwasha mashine ukaisikiliza inavyonguruma, basi.

Nikatumwa Gerezani na laki moja na nusu. Elfu hamsini kila mtu, na ya Mhasibu najua ilitoka wapi, kwa sababu wiki ile alikuwa anakula mchana tu.

Dukani nilikuta mbili ambazo zilikuwa ndani ya uwezo wetu. Moja ndogo, taya za inchi 3, chuma kitupu kilichosuguliwa, haina mpini, haina rangi, imekaa kama tofali. Muuzaji alitaka laki na arobaini na hakushuka hata mia. Nyingine ilikuwa ya inchi 6, ya buluu, mpini mrefu, na chini ina sahani ya kuizungusha yenye alama za nyuzi. Laki na ishirini. Nilipoinyanyua mkono uliuma, nikajiambia, hiki sasa ndicho chuma.

Mhasibu akapiga simu nikiwa bado dukani. "Kaka, ulipima meza?"

"Nimepima."

Sikuwa nimepima. Wala futi sikubeba. Nilichokuwa nakiona kichwani ni watu wakifungua mlango wa chumba chetu cha kazi na kusema, jamani, hawa wana karakana.

Meza ya mashine yetu ina upana wa sentimita 9. Kaunta buku ukiliweka juu yake linaning'inia pande zote mbili. Lile dubwana la buluu nalo lilining'inia. Meza inatembea kama sentimita 10 tu mbele na nyuma, na mwili wa jiliwa ukawa unagonga nguzo ya mashine kabla safari haijaisha. Ile sahani ya kuzungusha, ambayo hadi leo hatujawahi kuihitaji, ikala kimo kilichokuwa kichache tangu mwanzo. Matundu ya bolti hayakukutana na mifereji ya meza, nikatafuta vipande vya chuma vya kubania. Mwenzangu wa chumba akauliza kama iko sawa. Nikasema iko sawa, inahitaji kuzoewa.

Hayo yote yanaonekana kwa macho. Lililotuponza halionekani. Jiliwa ya aina ile imetengenezwa kwa ajili ya mashine ya kutoboa, ambako keekee inasukuma kazi chini na kazi haina pa kwenda. Kwenye milingi kikata kinasukuma pembeni, na wakati mwingine kinavuta juu. Halafu skrubu ya jiliwa inasukuma taya kwa chini, wakati kazi inairudishia nguvu kwa juu zaidi. Taya isipokuwa imebana vizuri kwenye njia yake inalalia nyuma na kunyanyuka kidogo, na inanyanyuka na upande mmoja wa kazi yako. Unakaza kwa nguvu zote ukidhani unaishika vizuri, kumbe unazidi kuipindua.

Kazi yetu ya kwanza ya pesa ilitoka kwa kaka mmoja wa mwaka wa mwisho, kilimo. Mradi wake ulikuwa pampu ya gia ya kusukuma mafuta ya alizeti. Alitaka bodi ya pampu, bonge la alumini, nyuso za juu na chini ziwe sambamba, maana gia zinazunguka katikati na nafasi kati yake na kifuniko ni ndogo sana. Alitupa kishika uchumba cha elfu sitini. Tulichonga usiku mbili. Bodi iling'aa, ningeweza kuipiga picha ya pasipoti.

Siku ya kuwasilisha, mbele ya wasimamizi wake, upande mmoja gia zilikuwa zinasaga kifuniko na upande wa pili mafuta yanatiririka mezani. Jioni alikuja nayo ndani ya mfuko wa nailoni. Angefoka ningejua la kumjibu. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Hivi mlipima?"

Mhasibu alichukua venia. Upande mmoja wa bodi ulikuwa mnene kuliko mwingine kwa milimita 0.3. Kisha akafanya kitu ambacho mimi sikukifikiria kwa wiki tano. Alichana vipande vya karatasi, akaviweka chini ya bonge lingine la alumini, viwili upande wa taya iliyokufa, viwili upande wa taya inayotembea, akakaza. Akavuta. Viwili vya kwanza vilikatika. Viwili vingine vilitoka kama unavyotoa tishu kwenye boksi.

Akanitazama. Nikasema: sikupima meza, na siku ile uliponipigia nilikudanganya. Akakunja ile karatasi, akaiweka kwenye mkoba wake, akaondoka. Kwa siku nne hakujibu meseji zangu.

Ya tano tulienda wote watatu Gerezani, kwa mzee mmoja ambaye ameshika kazi ya uchongaji kabla sisi hatujazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Nani alinunua hii?"

Nikanyoosha kidole. Akaishika taya inayotembea kwa mkono mmoja, akaitikisa, ikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. "Ukienda dukani tikisa hapa kwanza. Rangi utapaka mwenyewe." Akatuonyesha mbinu ya kujikwamua: unaweka nondo fupi ya mviringo, laini, kati ya kazi na taya inayotembea, ili taya iguse mahali pamoja tu na kuisukuma kazi ilalie taya iliyokufa. Taya iliyokufa ndiyo ya kuamini. Ile nyingine ni ya kusukumia.

Halafu akatoa yake, na ilikuwa ndugu wa ile tofali niliyoiacha dukani. Bolti yake imelala mshazari chini ya taya, kwa hiyo ukikaza inavuta taya mbele na chini kwa pamoja. Wazo la kuivuta taya chini huku inabana ndilo lililoipa sifa kampuni ya Kurt ya Minnesota, Marekani, kwa majiliwa yake inayoyaita AngLock, ingawa wao wanafanya kwa kabari ya ndani. Hii ndogo ina usumbufu wake, nisiwafiche. Ukibadilisha ukubwa wa kazi lazima uhamishe kipini kutoka kijino kimoja hadi kingine, na vidole vinajaa oili. Mwenye haraka itamchosha. Lakini inaenea juu ya meza yetu.

Dubwana la buluu nililiuza kwa fundi wa mageti, elfu themanini. Kilichopungua nilikitoa mimi, na elfu hamsini ya Mhasibu nikamrudishia kwa awamu tatu, kwa mihogo na chai ya rangi. Bodi ya pampu tulichonga upya bila malipo. Venia ya kawaida inasoma hadi milimita 0.02, na safari hii haikuona tofauti. Yule kaka alikuwa ameshapewa alama zake. Aliipokea, akaigeuzageuza, akasema asante, akaomba na kifuniko.

Juzi nimepita kwa yule fundi wa mageti. Jiliwa amelifunga kwenye benchi la mbao, anatobolea mabomba, na analisifia. Mhasibu amenunua futi ya mita 3 na kuifunga kwenye zipu ya begi langu. Hakusema ni ya nini.