Nilitumwa kumkanya mdogo wangu, nikamkuta Sawa

Jumapili moja mama aliniita jikoni, nilipoingia tu akafunga mlango. Ukiona mama yangu kafunga mlango wa jiko, msomaji wangu, ujue hapo kuna kesi. Yenyewe ilikuwa ya mdogo wangu wa kike, miaka 13, ambaye kila jioni utamkuta kiwanjani anacheza chandimu na wavulana, pekupeku, bukta ya kaka yetu imempwaya mpaka magotini.

"Wewe ndiye mkubwa," mama akaniambia. "Kaa naye umweleze. Huyu sasa ni mwali, mambo ya mpira basi."

Nikamjibu, "Sawa mama." Sikujua kwamba neno hilo hilo ndilo litakaloniponza.

Maana wiki ile ile, katika kuhangaikia cha kuwaandikia hapa, nilikuwa nimezama kwenye habari za mwanasoka mmoja wa Japani anayeitwa Homare Sawa. Ndiyo, Sawa, kama hii ya kwetu ya kukubali yaishe. Ila huyu katika maisha yake sioni alikokubali yaishe.

Alizaliwa Septemba 1978 huko Fuchu, jijini Tokyo. Mpira aliuanza kwa kumfuata kaka yake kwenye timu ya watoto ya mtaani kwao, timu ya wavulana. Mpaka hapo hakuna ajabu, hata mimi niliuanza hivyo hivyo. Mwaka 1991, akiwa na miaka 12, ndipo mambo yanapogeuka. Kwa umri huo sisi wengine bado tunatumwa dukani kununua chumvi na chenji tunaipoteza njiani. Mwenzetu kaingizwa uwanjani na Yomiuri Beleza, ligi kuu ya wanawake ya Japani, kucheza na watu wazima!

Tena si timu ya kujazia ratiba, jamani. Beleza ndio waliokuwa mabingwa, walichukua ubingwa miaka minne mfululizo, 1990 hadi 1993. Nimejaribu kumpiga picha kichwani yule binti, anaingia chumba cha kuvalia, dada zake wote wana miguu ya watu wazima, yeye jezi labda imempwaya kama ile bukta ya kaka yetu. Sifa ya kipaji nampa, kipaji anacho. Lakini najiuliza kuhusu yule mwalimu wa timu aliyemtazama mtoto wa miaka 12 asiseme rudi kesho kutwa ukikua. Akamwambia ingia.

Mimi hiyo "ingia" sikuipata. Nilikuwa beki wa kulia, na najisifu, tobo nilikuwa sipigwi. Nilipokuwa kidato cha pili mwalimu mmoja alinitoa uwanjani mbele ya watu akasema nikatafute kitana. Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka nisionekane nimeumia. Sikurudi tena.

Tuendelee. Desemba 1993 Sawa, sasa ana miaka 15, akachezeshwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Ufilipino. Unajua alifunga mangapi? Manne. Mwaka 1995 akaenda Kombe la Dunia kule Sweden akiwa na miaka 16, mwaka uliofuata Olimpiki ya Atlanta, ambako Japani ilifungwa mechi zake zote tatu. Alivyoanza na mabao yale ungedhani ni mteremko tu mpaka juu. Wapi!

Kwenye ligi yao timu nyingi zilibebwa na makampuni. Uchumi wa Japani ulipoyumba miaka ile ya tisini, makampuni yakaanza kukaza mikanda, na wewe unajua mkanda unaanza kukazwa wapi. Nikko Securities walikuwa na timu iliyochukua ubingwa 1996, 1997 na 1998. Baada ya ubingwa wa tatu timu ikavunjwa. Mabingwa! Na nyingine zikajiondoa. Mwaka 1999 timu ya taifa ikarudi kutoka Kombe la Dunia bila kushinda hata mechi moja, na nafasi ya Olimpiki ya Sydney ikaota mbawa.

Sawa alikuwa na miaka 20, anasoma chuo kikuu. Hapa mtu mwenye akili za kawaida, kama mimi, anashika vitabu. Yeye aliacha chuo, akapanda ndege kwenda Denver, Marekani, kuchezea timu iitwayo Diamonds. Alikuwa hana uhakika wowote mbele yake, maana ile ligi ya kulipwa ya wanawake wa Marekani ilikuwa bado haijaanza. Ilianza 2001, akawemo, na timu yake ya Atlanta Beat ikafika fainali mwaka ule ule, wakalala kwa penalti. Na ligi yenyewe ikafa 2003. Kila anapokaa, kiti kinavunjika.

Yaliyofuata wengi mnayajua. Fainali ya Kombe la Dunia, Frankfurt, Julai 2011, Japani na Marekani. Dakika ya 117 Japani wako nyuma 2-1, Aya Miyama anachonga kona, Sawa, nahodha, miaka 32, anauwahi mpira nguzo ya karibu na kuugeuza kwa nje ya mguu. Nyavu! Wakashinda kwa penalti, yeye akawa mfungaji bora kwa mabao matano na mchezaji bora wa mashindano.

Basi nikakaa na mdogo wangu kitandani, nimejiandaa kumkanya kama nilivyotumwa. Mdomo ukagoma. Nikajikuta namsimulia haya yote, kuanzia Fuchu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Dada, alikuwa anavaa jezi namba ngapi?"

"Timu ya taifa? Kumi."

Akatabasamu peke yake.

Usiku mama akanivuta pembeni. "Umeongea naye?"

"Nimeongea naye, mama."

"Kaelewa?"

"Kaelewa sana."

Kesho yake saa kumi na nusu alikuwa kiwanjani. Mama hajaniita tena jikoni. Ila Jumamosi niliiona ile bukta kwenye kamba, imefuliwa, na kiunoni imeshonwa ikabana. Aliyekuwa na sindano mkononi barazani si mimi.