Pumba kwa Kambale

Kambale wetu wa kwanza hawakufa kwa ugonjwa. Waliliwa, na aliyewala alikuwa ndugu yao wa tumbo moja. Niliwakuta asubuhi nyuma ya nyumba tunayopanga huku Kanombe: vichwa vinaelea, miili haipo, na chini ya maji kambale mmoja mnene ametulia kama mtu aliyerudi arusini.

Tulikuwa wanawake watano, wote wa kutoka Burundi, tuliokimbia 2015. Ikimina chetu kilikuwa kimekusanya faranga kidogokidogo kwa karibu miaka miwili, na mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu tuziweke kwenye samaki. Nilisema nimezaliwa Rumonge, nimekulia kwenye mwalo, samaki nawajua. Kweli nawajua, ila nawajua wakiwa wamekufa. Mama yangu alikuwa muuzaji pale, na tangu nina miaka saba kazi yangu ilikuwa kisu na beseni. Kumfuga samaki ni habari nyingine kabisa, na hilo sikuwaambia wenzangu kwa sababu hata mimi mwenyewe nilikuwa silijui.

Tukachimba mashimo mawili, tukatandika turubai. Moja la tilapia, moja la kambale. Jirani mwenye bwawa bondeni alituambia tilapia wake wanaishi kwa pumba za mchele na samadi, maji yakiwa ya kijani wanashiba. Tukaona, eeh, hii ni rahisi. Na kambale je? Kila mtu alisema kambale anakula chochote. Basi nao tukawapa pumba, asubuhi na jioni, gunia moja likigawanywa mara mbili kama tunavyogawa chakula cha watoto, bila upendeleo.

Tilapia wakakua polepole. Kambale wakabaki wembamba, vichwa vikubwa, miili kama kamba. Halafu wachache wakaanza kuwazidi wenzao, na tulifurahi! Mmoja wetu alisema hao ndio watakaolipa ada ya shule. Kumbe hao ndio walikuwa wanakula wenzao. Kambale mkubwa humshika mdogo mkiani, anammeza taratibu mpaka kichwani, na kile kichwa kipana kikigoma kupita, anakitema. Ndiyo maana niliona vichwa tu.

Siku hiyo nilitoa kambale mmoja mkonde na tilapia mmoja, nikaviweka juu ya ubao wa jikoni. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira napenda kushika kisu. Mama alikuwa amekaa mlangoni na kitenge anachoshona. Tangu tumefika Rwanda hakuwa akipenda kuzungumzia samaki. Ukimtajia mwalo anabadilisha maneno. Lakini aliponiona napasua ovyo hakuvumilia.

"Wewe, utapasua nyongo. Nipe."

Akawapasua kama zamani, mkato mmoja kutoka nyuma kuja mbele, bila kugusa kitu ndani. Tumbo la tilapia limepakwa weusi kwa ndani, utando mweusi ambao wateja wa hapa Kigali huniuliza kama ni uchafu. Si uchafu, ndivyo alivyo. Mama akaanza kuvuta utumbo wake. Mwembamba kama uzi wa kufumia, umejikunja mzunguko juu ya mzunguko, na kila akivuta unazidi kuja. Akachukua uzi wake wa kushonea, akaulaza pembeni ya utumbo, akaukata pale ulipoishia. Kisha akaukunja ule uzi juu ya samaki kuhesabu. Samaki alikuwa na urefu wa shubiri moja tu. Uzi ulimzunguka mara sita na ukabaki.

Kwa kambale hakukuwa na kazi. Tumbo nene, lenye misuli, kama kifuko cha ngozi, na baada ya hapo utumbo mfupi, mnene, ambao ukiunyoosha haufiki hata urefu wa kambale mwenyewe. Ndani yake pumba zetu zilikuwa bado pumba. Ungeweza kuziosha ukazirudisha gunia.

Mama akafuta mikono. "Huyu ni wa nyama. Mnamlisha majani kwa nini?"

Hapo nikakumbuka mukeke. Rumonge, ukimpasua mukeke aliyevuliwa usiku, unakuta ndagala ndani, wazima, na kichwa ndicho kilichotangulia. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila samaki ana samaki mdogo ndani, kama mfuko ndani ya mfuko. Mukeke anameza ndagala, ndagala naye ameshakula vidudu vya majini visivyoonekana vizuri kwa macho, na kwenye utumbo wa mukeke safari ni fupi kwa sababu chakula chake kinafanana na mwili wake. Nyama inayoingia inakutana na tumbo linalotanuka, lenye tindikali na vimeng'enya vya kuyeyusha protini, inalainika, inanyonywa, basi. Anaweza kula mara moja akakaa. Hahitaji kilomita za utumbo.

Mla mimea ana shida nyingine. Mwani una ukuta, na ndani ya ukuta ndimo kilimo chakula. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne na jeshi la bakteria la kumsaidia. Tilapia ana nini? Ana taya la pili kooni, lenye meno madogo ya kusagia, halafu ana tindikali. Nilisoma baadaye kwenye simu, usiku, watoto wakiwa wamelala, kuhusu utafiti uliofanyika Uganda, kwenye Ziwa George, ukachapishwa 1973. Mtafiti Moriarty alitaka kujua tilapia wanaishije kwa ule mwani wa kijani-buluu, ambao wataalamu wengi walidhani hausagiki. Akakuta tumbo la tilapia, lile dogo ambalo sisi tunalitupa kwa paka, linatoa tindikali kali mpaka kipimo chake kinashuka hadi karibu 1.4. Maji ya limau ni kama 2, na kwenye kipimo hicho namba ikishuka ndipo ukali unapanda. Tindikali inapasua ukuta wa mwani, kisha ule utumbo mrefu unachukua muda wake kunyonya kilichotoka. Chakula kikiwa kigumu na maskini, unahitaji njia ndefu ya kukipitishia.

Kitu kilichonishika zaidi ni cha asubuhi. Usiku tilapia hali, tumbo linakuwa tupu na tindikali inapumzika. Akianza kula kunapokucha, mwani wa kwanza unapita kabla tindikali haijakolea, unatoka ulivyoingia, kijani. Baadaye ndipo kinyesi kinageuka kahawia, na hapo ujue tumbo limeamka. Sisi tulikuwa tunamwaga nusu nzima ya chakula chao saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda kutafuta vibarua! Na baridi ya Kigali alfajiri unaijua. Samaki hana joto lake mwenyewe, maji yakiwa baridi na tumbo lake linafanya kazi pole. Ziwa letu kule lina joto, hapa tuko juu, mita 1,500 hivi. Tukaanza kuwalisha saa nne, kidogokidogo, jua likiwa limeshapiga turubai.

Kwa kambale tulibadilisha kila kitu. Kwanza tuliwatenga kwa ukubwa, wakubwa peke yao, wadogo peke yao, kazi ya kuloana mpaka kifuani kila wiki. Pili, tukatafuta nyama. Damu ya machinjio, tunaichemsha na kuikausha. Vumbi la ndagala linalobaki chini ya magunia sokoni, ambalo wauzaji walitupa bure mpaka walipogundua tunalitaka. Soya ya kukaanga na kusaga. Pumba zikabaki za kushikanisha tu. Ilikuwa ghali, na faida ya awamu ile ya kwanza haikuwepo. Mwenzetu mmoja alijitoa kwenye ikimina, akadai sehemu yake, na alikuwa na haki. Nilimlipa kwa miezi mitano kutoka mfukoni mwangu. Mpaka leo tukikutana tunasalimiana, lakini kwangu haji.

Mama ndiye aliyebadilika. Baada ya siku ile ya uzi alianza kuja nyuma ya nyumba bila kuitwa. Jioni moja, tukiwa tunachemsha damu, akaanza kuongea juu ya Mahama. Kambini kule, mwaka wa kwanza, chakula kilikuwa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Mama alikonda vibaya. Anakula, tumbo linajaa hewa, linamuuma, anaacha. Mimi nilimgombeza sana wakati ule. Nilimwambia anajidekeza, watu wote wanakula, yeye ni nani. Nilikuwa na mtoto mchanga na nilimwogopea, hofu ikatoka kwa sura ya ukali.

"Sasa umeona," akasema, akikoroga. "Sisi watu wa ziwani tuna utumbo mfupi. Mlinipa pumba."

Nikacheka, nikamweleza kwamba binadamu si kambale, kwamba utumbo mwembamba wa mtu mzima peke yake ni kama mita sita, mrefu kuliko yeye mara tatu na zaidi, na kwa hiyo sisi tuko katikati, tunaweza maharage na tunaweza mukeke.

Akanitazama kwa muda.

"Basi mimi walinipunja."

Sikujibu. Nilitaka kumwomba msamaha kwa yale ya Mahama, maneno yakakwama, nikamwambia apunguze moto, damu inashika chini. Akapunguza.

Sasa ni awamu yetu ya tatu. Tumebaki wanne. Kambale wa mwisho tuliwauza kwa mwenye mgahawa wa Nyamirambo, ambaye anawataka wenye kilo moja na hataki maneno. Kila mwezi mama anachagua mmoja kwenye kila turubai, anampasua, anavuta utumbo, anatazama ndani kilichosagika na kisichosagika, kisha ananiambia niongeze nini. Zile nyuzi mbili za siku ya kwanza, ule mrefu na ule mfupi, amezifunga kwenye msumari juu ya mlango wa jiko. Mwanangu aliuliza ni za nini. Bibi yake akamwambia akae chini, kisha akaanza na Rumonge.