Nilinunua Mashine ya Gemu na Pesa ya Kurudi Kampasi

Kila nikiweka video, watu hawaulizi kuhusu kile nimesema. Wanauliza kuhusu kabati iliyo nyuma yangu. Ni ngapi? Umetoa wapi? Unauza? Kuna mmoja ameuliza mara nne, na nashuku ni mtu yule yule na akaunti tofauti. Sawa. Leo nawajibu wote, lakini jibu ni refu, kwa hivyo tafuta chai.

Hiyo ni mashine ya akedi. Kabati ya mbao inayonizidi urefu, skrini imelala kidogo kwa ndani, joistiki mbili na vitufe vya rangi mbele, na chini kuna mlango wa chuma wenye mdomo wa kumeza sarafu. Sisi tumekulia kwa PS za mtaa, ashu gemu moja, ukifungwa unaamka mwingine anakalia benchi. Akedi ndiyo babu ya hiyo maisha. Space Invaders ilitoka Japani 1978, Pac-Man 1980, Street Fighter II 1991, na zote zilikuwa na utaratibu mmoja: unasimama, unaweka sarafu, unakufa, unaweka ingine.

Mimi nilizijua nikiwa kampasi, kupitia MAME, programu iliyoanza 1997 inayofanya kompyuta ijifanye ni hizo mashine. Nilikuwa nacheza usiku wakati wenzangu wanasoma. Simaanishi gemu ndiyo ilinitoa shule. Nilitoka mwaka wa pili kwa sababu zingine ambazo nimeshaongea hapa na sirudii. Lakini ukweli ni kwamba nikiacha masomo, ile laptopu ndiyo iliendelea kuwa yangu.

Sasa, bei. Mwaka jana jamaa mmoja alikuwa anafunga sehemu ya watoto kuchezea, akaweka tangazo: mashine inafanya kazi, 35,000. Tukavutana kwa simu siku tatu, ikafika 28,000. Kumbuka kwamba kwa soko ya vitu kuukuu, "inafanya kazi" maana yake ni taa inawaka. Kubeba ni 1,800, mkokoteni na vijana watatu, maana hiyo kitu ni kama kilo mia na haina mahali pa kushika. Bahati keja yangu iko chini.

Pesa ilitoka wapi? Mathe alikuwa amenitumia 41,000 kutoka kwa chama yao. Yeye hasemi niliacha kampasi, husema nimepumzika. Hiyo ilikuwa ya kunirudisha Septemba. Niliilala nayo kwa simu wiki mbili, halafu nikamtumia yule jamaa. Nikajiambia itajilipa.

Usiku wa kwanza iliwaka dakika ishirini. Picha ilikuwa imebanwa pande zote mbili kama mtu amevaa shati ya mdogo wake, na katikati ya pigano gemu ilikuwa inajizima na kuanza upya. Nikaenda kumtafuta mzee mmoja wa tivi hapa mtaani, yule aliyetengeneza Great Wall za kila nyumba kabla watu wahamie skrini bapa. Aliingia, akafungua mgongo wa kabati, akacheka peke yake. Ilikuwa tyubu halisi, ya glasi, kama zile zake.

Kitu cha kwanza aliniambia ni nisiwahi kuingiza mkono hapo nyuma. Hata ukichomoa plagi, tyubu inaweza kubaki na maelfu ya volti ndani, ikikungoja. Yeye mwenyewe aliitoa kwanza hiyo moto na waya na bisibisi ndefu, mkono mmoja ukiwa mfukoni. Nilidhani ni madoido. Kumbe mkono wa pili unafichwa ili stima isipate njia ya kupita kifuani. Kama unanunua akedi yenye tyubu na hauna mzee kama huyo karibu, nunua yenye skrini bapa na usione haya.

Kubanwa kwa picha ilikuwa ni kapasita zilizochoka, zile vidude kama makopo madogo kwa bodi. Zingine zilikuwa zimevimba kichwa. Akabadilisha zote kwa 650. Kuhusu kujizima, akaweka mita kwa pawasaplai: bodi inataka volti 5, ilikuwa inapata 4.6. Kuna kidude cha kuzungusha na bisibisi kando. Akazungusha kidogo, ikafika 5, na gemu haikujizima tena. Yaani ningekuwa na mita ya soo tano nisingelala nikilia usiku wote. Kazi yake ilikuwa 3,000 na alikataa kuongeza hata baada ya kukaa hapo saa mbili akipigana na Ken.

Joistiki ndiyo ilinifundisha. Chini ya kila joistiki kuna swichi nne ndogo, juu, chini, kushoto, kulia. Hakuna swichi ya kona; kona ni swichi mbili zikibonyezwa pamoja. Ndiyo maana ikichoka moja tu, Ryu anatembea vizuri, anaruka vizuri, lakini hawezi kutupa ule mpira wa moto, kwa sababu mkono wako lazima upitie kona. Nilikuwa najilaumu ni mimi sijui kucheza. Nilibadilisha swichi na vitufe vyote, 3,600, na siku hizi naweza kufanya hivyo nikiongea na simu.

Halafu mende. Hakuna anayekuambia kuhusu mende. Mashine ni moto, ni giza, na haisongi, kwao ni ploti ya kifahari. Mmoja alijilaza kwa pawasaplai akaondoka nayo, 1,900. Siku hizi naifungua kila mwisho wa mwezi na brashi ya rangi na dawa ya unga kwa pembe. Ongeza tivi gadi ya 1,200, kwa sababu stima yetu ikirudi inarudi na hasira.

Piga hesabu: 40,150. Kwa ile pesa ya mathe zilibaki 850.

Hapo ndipo niliangalia ule mdomo wa sarafu.

Kile kifaa ni rahisi sana. Ndani kuna nafasi ya kubana sarafu moja ya sampuli, na kila sarafu inayopita inalinganishwa nayo. Ikifanana inapita, isipofanana inatemwa chini. Nikabana ashu mpya, ile ya simba. Watoto wa ploti walikuwa washaanza kusimama mlangoni wakisikia sauti. Nikafungua mlango, ashu gemu moja, kama tulivyokuwa kwa PS. Wiki ya kwanza nikatoa 1,210.

Na wiki ya pili nikafanya kitu sijawahi kusema hapa. Ndani yangu haina Street Fighter ya asili, ina ile bodi ya Kichina yenye mamia ya gemu, ambazo wenyewe hawakuulizwa ruhusa. Inaingia kwa kabati kuukuu kwa sababu Wajapani walikubaliana soketi moja ya pini 56 mwaka 1985, inaitwa JAMMA, na hadi leo inatumika. Hiyo bodi ina menyu. Unachagua ugumu. Ilikuwa kwa 3. Nikapandisha ikawa 6. Dogo aliyekuwa anacheza dakika tano akawa anakufa kwa moja na nusu, anageuka ananiangalia, anatafuta mfukoni. Hata mashine za miaka ya themanini zilikuwa na swichi ndogo ndani za mwenye duka kupanga ugumu, kwa hivyo sikuvumbua wizi wowote. Nilitoa 2,250 hiyo wiki.

Keateka ndiye alikuja kwanza. "Hii si ile ya kamari?" Unakumbuka zile mashine za sarafu zilijaa kwa maduka na kwa baa, hadi vijijini, zikimeza ashu na mbao, mpaka serikali ikaanza kuzikusanya na kuzichoma hadharani. 2018 kila mtu alikuwa anaongea kuhusu hiyo. Nikamweleza hii ni gemu. Akaangalia mdomo wa sarafu, akaniangalia, akaenda.

Jumapili jioni akaja mama mmoja wa gorofa ya tatu, ameshika kijana wake kwa kola. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Kijana, huyu nimemtuma unga na soo mbili. Amerudi na 130 na hana unga."

"Pole sana, mama. Ngoja nikurudishie."

"Sijakuja kuchukua pesa. Nataka uniambie, hii iko na tofauti gani na zile zilichomwa?"

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri. Nikamwambia kwa kamari mashine inaamua, hapa mkono wako ndio unaamua, mtoto anajifunza, ni kama mchezo mwingine wowote. Alisikiza yote.

"Na akishinda, unampatia nini?"

"Hakuna kitu, mama. Anaendelea tu kucheza."

"Basi zile angalau zilikuwa zinarudisha kidogo."

Mtoto alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa naangalia ile menyu kichwani, ile 6. Nilimlazimisha achukue ile 70, akaiweka kwa kiganja cha kijana na kumwambia aende dukani sasa hivi, na asipitie popote.

Usiku huo nilifungua mlango wa chuma nikatoa ashu ya simba. Ukitoa sampuli, kifaa hakina cha kulinganisha, kinatema kila kitu. Nikaweka ugumu 3, nikaweka mchezo wa bure. Watoto bado wanakuja, Jumamosi tu, saa nane hadi saa kumi, kwa foleni, na unajua nini? Hawapigani tena kwa foleni. Mwenye amepoteza anakaa kumwonyesha mwenye anacheza. Kuna msichana wa darasa la sita sasa hivi anatupiga sisi wote, pamoja na yule mzee wa tivi.

Lakini pia haijilipi tena. Hiyo ndiyo sehemu sikuwa nimepanga kueleza mathe.

Alikuja mwezi uliofuata bila kupiga simu, na mfuko wa mboga na omena. Aliketi kwa kitanda kwa sababu hakuna mahali pengine, mashine imechukua keja. Akauliza ni nini. Nikasema. Akauliza ni pesa ngapi. Nikasema, hadi ile tivi gadi. Hakusema kitu kwa muda, akawa anapanga omena.

"Kwa hivyo Septemba huendi."

"Sijui, Mami."

"Mimi nimekuuliza? Nimesema tu." Halafu akanionyesha kidole nyuma ya kabati. "Na hapo kuna mende."

Ilikuwepo kweli.

Sasa maswali yenu. Kama unataka tu gemu zenyewe, usiige mimi: tafuta Raspberry Pi, monita kuukuu ya ofisi, na fundi wa mbao akupigie sanduku la kuweka juu ya meza. Itakugharimu kidogo sana kuliko hii na utaibeba mwenyewe. Kama unataka kabati kamili, nenda uione ikiwa imewashwa kwa saa nzima, si dakika tano, na ubonyeze kila kitufe mara kumi. Nusa nyuma. Harufu ya kuungua haiishi na bei ikishushwa.

Na kama nauza. Wiki jana jamaa alikuja, ana duka stejini, akacheza, akapenda. Aliniambia 45,000, na anabeba mwenyewe. Hiyo ni karo, na bado 4,000 juu. Sharti lake ni moja, anataka mdomo wa sarafu ufanye kazi kabla aichukue.

Ni kazi ya dakika mbili. Ashu ya simba iko kwa droo, chini ya bisibisi. Amepiga simu mara tatu na sijashika.